Manjano ya Mke Mwenzangu

Wivu wangu haukuanza siku mume wangu alipooa mke wa pili. Watu wa mtaa wetu wa Iftin walidhani umeanza siku hiyo. Walikuja dukani kwangu kunichungulia uso wakijifanya wanataka iliki, nami nikawapimia iliki na kuwarudishia chenji yao. Ile ndoa niliimeza. Mama yangu ilimkuta, dada zangu iliwakuta, mimi ni nani hata ipite kando? Wivu wenyewe, ule wa kumfanya mtu ashindwe kumeza hata kipande cha anjera, ulianza asubuhi moja mama mkwe wangu aliponyanyuka kutoka kwenye mkeka wake bila kuushika mkono wangu.

Mkono nilikuwa nimeshaunyoosha. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya sala ya alfajiri: kuinama, kumpa mkono, kumvuta polepole huku magoti yake yakilia na yeye akimwita Mungu. Siku hiyo alijiinua mwenyewe. Akanipita, akafika mlangoni, akageuka na kunicheka, mimi niliyebaki nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Badala ya kusema alhamdulillah nilisema moyoni, huyo mwanamke ameniweza.

Mama mkwe namwita Eeddo. Ndivyo sisi tunavyowaita mama za waume zetu kwa heshima. Alihamia kwangu baada ya kufiwa na mumewe kule Bute, mimi nikiwa bado bibi harusi wa juzi, na tangu hapo hakulala nyumba nyingine. Asiyetujua anaweza kufikiri huo ni mzigo. Kwetu, nyumba anayolala mama ndiyo nyumba kubwa. Wageni kutoka Bute wanashukia hapo. Nyama ya Idi inagawiwa hapo. Wanaume wakiwa na neno zito wanakuja kuketi hapo, na wewe unayeleta chai unasikia kila kitu. Mume anaweza kuoa hata wanne, lakini mwenye mama ndiye mwenye nyumba. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume. Nilikuwa na mabinti wawili, nilikuwa na Eeddo. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, Eeddo abaki kwangu.

Duka langu ni la viungo na dawa za asili: manjano, habasoda, uwatu, manemane, tangawizi kavu. Shuleni niliipenda kemia kuliko masomo yote, na mwalimu aliniambia nitafika mbali. Nafasi ya chuo ilikuja pamoja na posa, na posa ikatangulia. Kwa hiyo magoti ya Eeddo niliyachukulia kama mtihani wangu. Kila siku nilimchemshia manjano na tangawizi katika maji, nikamnywesha kikombe kizima asubuhi na kingine jioni. Muuguzi alikuwa amemkataza mafuta, basi hata maziwa ya ng'ombe niliyaengua kwanza. Samli sikuiruhusu imkaribie. Eeddo alikunywa, akakunja uso, akasema Mungu anilipe. Magoti yakaendelea kuuma vilevile.

Halafu akaja huyo mwingine.

Ni mtoto wa Kisomali kama sisi, lakini alizaliwa na kukulia Nairobi, na Kisomali chake ni cha kuungaunga. Anaanza sentensi vizuri, katikati anapotea, anamalizia kwa Kiswahili huku akipunga mikono. Anafundisha chuoni hapa Garissa, na ana maabara yake ndogo ya utafiti. Mume wangu alipotangaza kwamba mke mpya ni mwalimu wa kemia nilikuwa nakatakata vitunguu, na nilishukuru kwamba vilikuwa vitunguu.

Eeddo naye Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuulizia bei na kumfukuza mchuuzi. Kwa hiyo mke mwenzangu alipokuja kumsalimia, mimi ndiye niliyekaa katikati. Huyu akisema, namgeuzia yule. Yule akijibu, namgeuzia huyu. Sitadanganya, nilipata raha. Mtu mwenye shahada zote hizo, na hawezi kumwuliza mama mkwe wake amelalaje bila kupitia kwangu.

Raha yenyewe haikudumu. Alasiri moja alikuja na mkoba wake, akanikuta jikoni nikichemsha manjano ya Eeddo. Aliniita abaayo, yaani dada, akaomba glasi mbili za maji. Katika ya kwanza alitia manjano yangu kijiko kimoja, akakoroga. Katika ya pili alitia matone machache ya kitu kizito cha rangi ya chungwa kutoka kwenye chupa nyeusi. Tukakaa. Maji yangu yalianza kuwa meupe juu, manjano yakashuka polepole hadi yakalala chini kama mchanga. Maji yake yalibaki ya njano kutoka juu hadi chini, bila masimbi hata kidogo.

Akanieleza. Ile dawa iliyomo ndani ya manjano haipendi maji, inapenda mafuta. Ukiimeza na maji, tumbo haliijui, inapita zake na kutoka. Ile kidogo inayofaulu kuingia, ini linaitupa upesi. Kazi yake yeye kule maabara ni kuitengenezea kibebeo. Anachukua mafuta fulani ya soya na ya nazi, anayapiga na manjano kwa mashine ya mawimbi ya sauti, mpaka yanakuwa vitone vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Kila kitone kinaifunika dawa ndani yake, tumbo linakipokea likidhani ni chakula, na dawa inaingia kwenye damu. Alisema ameanza kuinywa mwenyewe, na baba yake Nairobi anainywa kwa magoti yayo hayo. Alikuwa akiongea taratibu, bila madoido, na hicho ndicho kilichonikata maini. Angejigamba ningemwonyesha mlango.

Mimi niliitazama ile glasi yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiosha vikombe vya Eeddo na kukwangua masimbi ya njano chini yake, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yako chini. Na mafuta, ambayo yangesaidia walau kidogo, nilikuwa nikiyaengua kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikwenda kwa Eeddo sote wawili. Mke mwenzangu alitaka kumpa matone yake, lakini aliuliza kwanza, na hapo ndipo penye mambo. Alisema, "Abaayo, muulize kama kuna dawa nyingine yoyote anayokunywa ya hospitali."

Ilikuwapo, nami niliijua. Mimi peke yangu.

Zamani kidogo, Eeddo alikuwa amerudi kutoka Bute baada ya safari ndefu ya gari, mguu mmoja umevimba na umekuwa wa moto. Mume wangu alikuwa Kutulo akinunua mbuzi. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, wakasema damu imeganda mguuni, wakamwandikia dawa ya kuzuia damu isigande, kidonge cha kila jioni, na damu ipimwe mara kwa mara. Tulipotoka nje Eeddo alinishika ushungi akaniapisha. Asijue mtu. Hata mwanawe asijue, kwa kuwa mwanawe hawezi kuficha kitu mbele ya baba zake wadogo. Ngamia wa Eeddo wako Bute, wanachungwa na hao shemeji zake. Dada yake mkubwa alipougua ugonjwa wa damu, shemeji za huyo dada walianza kuwatia ngamia wake chapa nyingine angali hai, anapumua, anakula. Eeddo aliona kwa macho yake. Alisema akisikika tu kwamba ana kidonge cha kumeza maisha yote, ngamia wamekwenda.

Basi niliapa. Vidonge nilivificha dukani katika mkebe wa karafuu. Tukienda kupima damu tulisema tunakwenda kumwona bibi mmoja wa ukoo wetu anayekaa karibu na hospitali. Na nitasema ukweli, siri ile niliipenda. Ilikuwa yangu. Mke mwenzangu alikuwa na shahada, alikuwa na mshahara, alikuwa na ngozi ambayo haijakaa kwenye moshi. Siri ya Eeddo hakuwa nayo.

Nilimgeuzia Eeddo lile swali. Eeddo hakumtazama aliyeuliza, alinitazama mimi, akasema hapana. Nikamwambia mke mwenzangu, hapana. Ningefanya nini? Mwenye mwili amesema hapana, na mwenye mwili ndiye aliyeniapisha.

Dawa ikaanza kunywewa. Haikupita muda mrefu ndipo ikaja ile asubuhi ya mkono wangu kubaki hewani. Baada ya hapo Eeddo hakukamatika. Akaenda kwa jirani. Akaenda kununua maziwa ya ngamia mwenyewe na kugombana na wauzaji. Jioni moja akachukua bakora yake akatembea hadi nyumba ya mke mwenzangu, mitaa mitatu kutoka kwangu, akala huko. Aliporudi alisema kule kuna chumba chenye feni, na choo hakina ngazi. Nilijibu kwamba hapa kwetu pia feni inaweza kununuliwa. Akaniita hooyo, yaani mama, kama wazee wetu wanavyowaita watoto wao, akasema, "Sijaomba feni." Usingizi ukanihama. Nilianza kuangalia magodoro yake kila nirudipo kutoka dukani, kuona kama bado yako.

Nilimchukia yule mwanamke kwa juhudi. Nilichukia viatu vyake mlangoni kwangu. Nilichukia jinsi alivyoniletea chupa mpya kila Jumatatu na kunipa mimi, si Eeddo, kwa kuniheshimu, ili mimi ndiye nimpimie matone. Haki ya Mungu, nilimpimia, kila siku, bila kuzidisha wala kupunguza, huku roho ikiniuma.

Kisha nikaona damu. Eeddo husafisha meno kwa kijiti cha mswaki, na asubuhi moja kijiti kilitoka chekundu. Alisema ni kijiti kigumu. Siku iliyofuata tena. Mimi ndiye ninayemwogesha, hakuna mwingine aliyewahi kuona mgongo wake, na nilipomvua nguo nikakuta alama nyeusi ubavuni na mkononi, pana, kana kwamba amepigwa. Nilimwuliza ameanguka wapi. Hakuwa ameanguka. Mtu aliyefundishwa kemia na asiyefundishwa, wote wangejua hapo pana jambo. Kidonge cha jioni kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kimoja.

Nilimwendea mume wangu. Sikuweza kumwambia habari ya kidonge, kwa hiyo nilisema tu kwamba ile dawa ya mke mwenzangu haimfai mama, iachwe. Aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko hasira. Alisema mama anatembea kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na mimi nataka iachwe? Akatamka lile neno letu, hinaase, wivu wa wake, akalitamka kwa upole kama mtu anayetaja ugonjwa wangu. Akaniambia nisali.

Nilisimama pale uani. Wivu nilikuwa nao, nani alikataa? Ulikuwa umenijaa hadi kwenye kucha. Lakini alama nyeusi kwenye ubavu wa Eeddo hazikuwa wivu. Na katika ukoo mzima hakuna ambaye angenisikiliza, kwa sababu kila mtu alijua ninachokitaka, na ninachokitaka kilikuwa hichohicho, ile chupa itupwe.

Nikamrudia Eeddo mwenyewe. Nilimwomba anifungue kiapo. Nilimwambia hizo dawa mbili huenda zinagombana ndani ya damu, tumwambie aliyetengeneza. Alikataa. Nikamwomba basi aache moja, yoyote. Akasema kidonge hakiachi kwa kuwa daktari alimtisha, na matone hayaachi kwa kuwa yamemrudishia miguu. Nikamwambia atakufa. Akaniambia, "Wewe unataka nirudi kwenye mkeka wako."

Hakukosea. Nilitaka arudi kwenye mkeka wangu. Nilitaka pia awe hai juu ya huo mkeka, na hilo hakuliweka kwenye hesabu yake.

Nilifunga duka mchana, jambo ambalo silifanyi, nikapanda tuktuk hadi chuoni. Njia nzima nilitafuta mtu mwingine wa kumwambia. Daktari angeuliza mgonjwa yuko wapi, na mgonjwa angekataa kuja. Imamu angemwita mume wangu. Dada zangu wangeitangaza habari hiyo hadi Mandera. Kila nilipozunguka nilirudi kwa mtu mmoja, yule ambaye hangehitaji kuniamini mimi, angeuamini ubavu wa Eeddo. Nilikuwa nakwenda kumpa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Sikuwa nakwenda kwa wema. Nilikuwa nakwenda huku nikimlaani.

Nilimkuta katika koti jeupe, mashine inanguruma, wanafunzi wake wawili wameinamia mizani. Nilimwita pembeni. Nikasema, "Eeddo anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Miaka sasa. Na fizi zinatoka damu."

Nilisubiri aniulize kwa nini nilimwambia hapana. Nilikuwa na jibu, jibu kali, nililipika njiani. Hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu, kama Eeddo amekunywa matone leo. Nikasema asubuhi. Akazima mashine, akavua koti, akachukua mkoba na kutoka, mimi nyuma yake nikikimbia kana kwamba yeye ndiye mwenye mama.

Ndani ya tuktuk ndipo nilipopata sauti. Nilimwambia mimi nimempa Eeddo manjano pamoja na kidonge hicho miaka yote, vikombe viwili kwa siku, na hakuna tone la damu lililotoka. Kwa nini yangu hayakumdhuru na yake yanamdhuru?

"Kwa sababu yako hayakuwa yanaingia, abaayo," akasema.

Alisema bila ubaya wowote, akitazama barabara, machozi yakimtoka. Akaongeza kwamba manjano yakiingia kwenye damu nayo yanaizuia isigande, na yanalifanya ini lichelewe kukitoa kile kidonge, kwa hiyo mambo mawili yanakuwa matatu. Kibebeo chake kilifanya kazi vizuri mno. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Eeddo tulimkuta ameketi kizingitini, kitambaa puani, kitambaa chekundu chote. Pua ilikuwa imeanza tu yenyewe na ilikataa kukoma. Hakubisha tena. Tulimshika huku na huku tukampakia. Hospitalini walimpima, na daktari akasema damu imekuwa nyepesi kupita kiasi, lau angeanguka akagonga kichwa tungekuwa tunaongea habari nyingine. Wakampa dawa ya kuirudisha. Daktari alipouliza amekunywa nini, mke mwenzangu alijibu kabla sijafumbua mdomo. Alisema, "Ni mimi niliyeitengeneza, ni mimi niliyempa, sikupima damu yake kwanza." Nilingoja ajitetee kidogo ili nimchukie vizuri. Hakujitetea.

Habari ilipofika Iftin ilikuwa imeshapata umbo lake. Mke mdogo, msomi, ndiye aliyemkimbiza mama hospitalini akaokoa maisha yake. Mimi sikuwemo. Mume wangu alimshukuru mbele yangu, na yeye alikuwa akitikisa kichwa na kunionyesha mimi kwa kidole, lakini mume wangu aliona ni adabu tu, akamsifu na kwa hiyo adabu. Niligeuka nikaangalia dirisha.

Sasa kila mtu akajua habari ya kidonge. Mume wangu alijua hapohapo wodini, na jioni ileile alizungumza na baba zake wadogo kwa simu, kwa nia njema kabisa, akiwaomba dua. Kabla Eeddo hajaruhusiwa kutoka, mmoja wao alipiga kutoka Bute kuulizia hali yake, na baada ya salamu ndefu akauliza ile chapa ya ngamia ni ya marehemu mumewe au ni ya Eeddo mwenyewe. Eeddo alimjibu kwa sauti nzima kwamba ni yake na yeye hajafa. Akakata simu. Kisha akaniuliza mimi, taratibu, nani alisema.

Nikamwambia ni mimi. Nikaanza kumweleza habari ya fizi na ubavu na pua. Aliinua kiganja.

"Nilikuapisha," akasema. "Na kati ya watu wote ukamwambia yeye."

Ningemwambia nini, kwamba huyo ndiye mtu wa mwisho duniani niliyetaka kumwambia? Kwamba kumwambia yeye kuliniuma kuliko uzazi? Hayo hayasemeki kwa mama mkwe aliyelala kitandani.

Alipotoka hospitalini hakurudi kwangu. Alimwagiza mwanawe akachukue magodoro. Mimi mwenyewe niliyafunga kamba, kwa kuwa mume wangu hajui kuyafunga, yangefunguka njiani. Niliweka pamoja na bakora, kanzu zake za sala, na vidonge, ambavyo sasa havina haja ya kukaa kwenye karafuu. Watu walidhani anafuata matone. Hapana. Matone yalishakatazwa, magoti yameanza kulia upya, na kule ananyanyuliwa kwa mkono kama zamani. Mkono ndio si wangu.

Mke mwenzangu alikuja dukani mara moja kuniambia hakuomba Eeddo ahamie kwake. Najua hakuomba. Alisema kwamba sasa ameacha kabisa kumpa mtu yeyote kile kitu nje ya maabara, kwamba anaanza upya, kuchunguza vibebeo vyake vinapofungua njia ni nini kingine kinapita hapohapo. Nilimsikiliza. Niliyaelewa yote, na hilo nalo liliniuma, kuyaelewa yote nikiwa nimesimama nyuma ya gunia la uwatu. Nikampimia tangawizi aliyotaka.

Kila Ijumaa nakwenda kumsalimia Eeddo. Navua viatu mlangoni kwa mtu mwingine, naonyeshwa pa kuketi, naletewa kikombe cha wageni. Wazee wawili kutoka Bute walikuwepo mara ya mwisho, wameegemea mito, na mke mwenzangu anaingia na kutoka na birika huku hasikii hata nusu ya wanayosema. Kwa hiyo nimerudi kwenye kazi yangu ya kati. Huyu akisema, namgeuzia yule.

Wazee walipotoka kwenda kuswali, tulibaki watatu. Mke mwenzangu alimmiminia Eeddo chai, akapiga magoti kumpa, akamshika kikombe mpaka vidole vya mzee vikashika vizuri. Eeddo akanywa. Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha yule mwanamke. Akaniambia mimi, bila kunitazama, nimwambie kwamba yeye, Eeddo, Mungu hakumpa binti wa kuzaa, lakini angempa, angemwomba awe kama huyu.

Nilikaa na Eeddo miaka yote ya ujana wangu. Nilimwogesha, nilimsuka, nilimtandikia. Maneno hayo niliyangoja kila siku.

Mke mwenzangu alikuwa ameinua uso, anasubiri. "Amesema nini, abaayo?"

"Anasema chai imezidi sukari," nikamwambia.

Akaomba radhi, akachukua birika, akaenda kupika nyingine. Eeddo neno sukari analijua. Aliniangalia kwa muda, kisha akainua kikombe chake akakinywa hadi mwisho.